Hodi ya Nne

Ukimwuliza Dzombo kazi yake, atakwambia anafukuza ng'ombe. Hatakwambia kwamba siku moja alifukuza ndege. Si mtu wa kujigamba, na hata angekuwa, mkewe Jumwa humaliza kujigamba kwa niaba ya wote wawili kabla yeye hajafungua mdomo.

Kwao ni bara ya Lunga Lunga, nchi kavu ya watu wa mifugo. Ukame mmoja ulimwachia ndama mmoja na fimbo. Ndama akamwachia Jumwa, fimbo akashuka nayo pwani, na kwa kuwa alijua tabia za ng'ombe kuliko tabia za watu, akaandikwa kazi katika kiwanja kidogo cha ndege cha Mzambarauni, nyuma ya Galu. Kila ndege inapokaribia, yeye hupita na baiskeli yake kuwaondoa ng'ombe, mbuzi na nyani kwenye njia ya kutua ndege. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, na nyani wa Mzambarauni wanamjua kwa sura.

Katika miaka yote hiyo kuna jambo moja hakulizoea. Juu ya mnara, mwisho wa ngazi arobaini na mbili, hukaa mwongoza ndege, na kwa zamu ya mchana alikuwa Mwanafatuma, mwanamke wa Msambweni, mwembamba, mpole, sauti yake haimwamshi kuku. Lakini akisema maneno mawili matatu kwenye kile kidude chake cha kusemea, chuma kikubwa kilichojaa watu kinageuka angani, kinashuka, kinatii. Dzombo alikuwa akisimama na baiskeli yake, shingo nyuma, anatazama. Yeye mwenyewe ilimchukua msimu mzima kumfundisha fahali mmoja jina lake. Ndiyo maana alimwita Bi Mwanafatuma, ingawa angeweza kumzaa, na hakuwahi kupanda kule juu bila kuvua makubadhi mlangoni.

Siku ya mkasa ilikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, saa nane na nusu mchana, jua linachoma. Mwenzake Mwanafatuma alikuwa mgonjwa, wa kumpokea hakuletwa, na hiyo ilikuwa siku ya tisa anashika mnara peke yake, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Saa kumi za usiku yuko macho anapika daku, mchana amefunga, anahesabu ndege. Wakubwa waliambiwa. Wakubwa walisema avumilie kidogo, maneno ambayo husemwa kwa wepisi sana na mtu aliyelala vizuri.

Kaingu, dereva wa trekta ya kukata nyasi, alikuwa akivuka njia ya ndege pale trekta ilipozimika. Ilizimikia katikati, upande wa pili wa kilima kidogo kilichopo kwenye njia ile, mahali ambapo rubani anayeshuka haioni mpaka magurudumu yawe karibu kugusa. Waliisukuma wawili, yeye na Dzombo, haikutikisika. Dzombo akachukua redio yake ya mkononi.

"Bi Mwanafatuma, trekta imetufia njiani."

Kimya. Akarudia. Kimya. Akadhani betri imekwisha, akapanda baiskeli, akaenda mbio hadi mnarani, akapanda ngazi zote arobaini na mbili.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. "Hodi," akasema. Hakujibiwa. "Hodi, Bi." Akangoja. "Hodi."

Sasa, mtu wa pwani ataelewa, na wa kutoka mbali avumilie. Hodi ni tatu. Usipojibiwa ya tatu unageuka, unakwenda zako, wala huchungulii, na hasa ikiwa ndani kuna mwanamke peke yake. Dzombo si wa dini ya Mwanafatuma, lakini amekaa na Waislamu miaka ya kutosha kujua kwamba adhuhuri ilikuwa bado na wakati wake. Akajisemea yuko kwenye sala, si vyema kumkatiza. Akavaa makubadhi yake akaanza kushuka, taratibu, kwa adabu kamili.

Alikuwa amefika ngazi ya ishirini aliposikia mngurumo. Aliujua kama mchungaji anavyoijua njuga ya ng'ombe wake: ndege ya mchana kutoka Nairobi, yenye viti kumi na vinne. Ilipita juu, ikazunguka upande wa baharini. Kwa kawaida haizunguki. Ndege ile ilikuwa inabisha hodi, nayo haijibiwi.

Akageuka. Alipanda ngazi zile kwa namna ambayo magoti yake yanamlaumu hadi leo, na alipofika mlangoni akasema hodi ya nne huku ameshaingia. Mguu mmoja ulikuwa na kubadhi na mwingine peku, kwa sababu hata wakati ule mikono ilikumbuka kuvua.

Mwanafatuma alikuwa amelala. Kichwa juu ya meza, kalamu vidoleni, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba. Kwenye redio ya mezani sauti ya mwanamume ilikuwa ikisema kwa Kiingereza, na katika maneno yote yale Dzombo aliokota moja tu: Mzambarauni. Mzambarauni. Mzambarauni.

"Bi Mwanafatuma," akaita. Akaita tena kwa nguvu. Hakuthubutu kumgusa. Nje ya kioo ndege ilikuwa imekata kona na kuikabili njia, taa zake zimewaka, inateremka. Rubani aliyekosa jibu alikuwa ameamua kuyaamini macho yake, na macho yake yaliona njia nyeupe isiyo na ng'ombe hata mmoja. Ng'ambo ya kilima Kaingu alikuwa amevua shati, analipunga, mdogo kama sisimizi.

Dzombo akakichukua kile kidude. Kilikuwa na kitufe kama cha redio yake. Akakibonyeza.

"Usitue. Usitue, baba. Ng'ambo ya kilima kuna trekta."

Hakuna kilichotokea, kwa muda ambao Dzombo hawezi kukwambia ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha ndege ikainua pua. Iliinuka pale pale, kwa ukelele, tumbo lake likapita juu ya trekta na juu ya Kaingu aliyelala kifudifudi, ikaupita mnara karibu sana hata vioo vikalia na vikombe vikacheza rafuni. Dzombo aliona matairi. Aliona uso wa mtu dirishani. Machozi yalimtoka na hakuyaonea haya. Alikuwa amesema, na chuma kile kikamtii.

Sauti ikarudi, safari hii kwa Kiswahili, inahema. "Nimeiona trekta. Ahsante. Wewe ni nani?"

"Mimi Dzombo. Nafukuza ng'ombe."

Kelele ile ndiyo iliyomwamsha Mwanafatuma. Alimtazama Dzombo, akatazama nje, akaelewa yote kwa mara moja. Alimpokea kidude. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya siku zote, tulivu, ikaipeleka ndege juu ya bahari ikazunguke hadi trekta ivutwe. Baada ya robo saa ikatua. Dzombo alisimama chini akawahesabu waliotoka: kumi na wanne na rubani wao. Mmoja alikuwa akilalamika kwamba wamechelewa. Mungu si Athmani.

Alipopanda tena juu, alimkuta Mwanafatuma amefungua kitabu cha zamu.

"Mzee Dzombo, mara ya kwanza ulikuja saa ngapi?"

"Bi, mimi sijamwambia mtu. Sema redio iliharibika. Redio huharibika."

"Na kazi yangu itasalimika."

"Itasalimika."

Akatikisa kichwa. "Watu kumi na watano, mzee. Siwezi kufunga swaumu halafu nikaandika uongo juu yao." Na mbele yake, kwa mwandiko mzuri usio na haraka, akaandika kwamba alilala, tangu dakika fulani hadi dakika fulani. Dzombo hajui kusoma sana, lakini alitazama kalamu ile ikienda, na anasema ndege kuinuka hakukumshangaza kama hilo.

Walimsimamisha kazi. Wakaja watu wenye tai kutoka Nairobi, wakamweka Dzombo kitini na kumwuliza kwa nini alifika mlangoni kisha akashuka. "Nilibisha hodi mara tatu," akajibu. Wakamwomba arudie, wakaandika, wakatazamana. Walimwuliza pia siku tisa zile zilikuwaje, naye akawahesabia moja moja, kwa sababu yeye ndiye aliyemwona akipanda na kushuka kila siku. Miezi mitatu ilipita. Mwishowe waongoza ndege wawili zaidi waliletwa Mzambarauni, na ikaamuliwa Mwanafatuma arudi mnarani.

Habari hiyo Dzombo aliipata kwa njia ya ajabu kidogo, kwa mdomo wa Mwanafatuma mwenyewe. Alikuwa nyumbani kwake bara, siku ya mapumziko, amelala mchana baada ya kupalilia mahindi. Alipotoka nje alimkuta Mwanafatuma ameketi kigodani uani, akimsaidia Jumwa kupukuchua mbaazi. Pikipiki iliyomleta ilikuwa imekwisha kuondoka zamani, na ungo ulikuwa umejaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja saa ngapi?"

"Tangu saa saba."

Dzombo akatazama jua. Lilikuwa linaelekea saa kumi. Akamgeukia mkewe kwa ukali, Jumwa akainua mabega.

"Alibisha hodi mara tatu," Jumwa akasema. "Nikataka kukuamsha, akanikataza."

"Bi Mwanafatuma, toka Msambweni mpaka huku, na jua lote hili? Ungebisha ya nne."

Mwanafatuma akamenya ganda la mbaazi, akaziangusha punje ungoni.

"Ya nini, mzee?" akasema. "Juu yako hapakuwa na ndege."