Ndiyo, Sina

Juzi nilisimama dukani mtaa wa Levolosi nikauliza, "Sukari hamna?" Binti muuzaji akajibu, "Ndiyo bibi, hamna." Viganja vikaniwasha. Ngoja nikusimulie.

Enzi za Mwingereza shule yetu ilikuwa kwenye mteremko wa Meru, katikati ya migomba na mibuni. Bibi yangu aliniamsha na ndizi za kuchemsha zilizolala, nikateremka mtoni, nikapanda na maji kichwani juu ya kata ya majani makavu ya mgomba. Shule haikuwa na bomba, na maji tuliyobeba yalipelekwa kwanza nyumbani kwa mwalimu wa Kiingereza, Mwafrika mwenzetu.

Siku moja huyo mwalimu aliniuliza, "Have you no ink?" Wino sikuwa nao, nikajibu kama tunavyojibu kwetu: "Yes, sir." Yaani ndiyo, sina. Kumbe kwa Kiingereza nimesema ninao! Akakikuta kidau changu cha wino kikavu, akanichapa viganja kwa uongo. "Kama huna, sema No!" Tangu hapo akaniita Bibi Yes, na watoto wakanifuata na jina hilo mpaka kanisani. Nilimchukia mtu yule. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu anipe siku yangu.

Akanipa. Mkaguzi Mzungu aliingia darasani na matope mpaka magotini, gari lake limekwama. Alitaka kunawa. Akauliza, "Have you no tap here?" Mwalimu, kwa hofu, akajibu kwa sauti: "Yes, sir!" Mzungu akafurahi, akasema basi nionyeshe.

Nikasimama bila kuitwa. "No, sir. We have no tap." Kisha nikamgeukia mwalimu taratibu: "Kama huna, sema No."

Darasa likaangua kicheko, Mzungu naye. Alipoondoka nilichapwa tena, na sijawahi kula fimbo tamu vile. Bibi aliposikia alinimiminia maziwa ya mgando, akasema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu." Nami nikahakikisha jina linahama. Akawa Mwalimu Yes Sir, kijiji kizima.

Siku hizi mibuni imeng'olewa, pamejaa nyumba za kupangisha. Wenzangu wa darasa lile wametangulia. Mwalimu alipozikwa nilikwenda makusudi, maana sijamsamehe. Waombolezaji wote walimwita Mwalimu, kwa heshima. Nilitafuta hata mmoja anayelikumbuka lile jina, sikumpata. Nikalia kwa hasira, wakanishika mabega wakidhani namlilia yeye.