Kiti cha Mjerumani

Jumamosi, katika hoteli moja Nanyuki nilikokwenda kama mwandishi wa habari, wakala alikuwa akisajili wanafunzi wa kwenda vyuo vikuu vya Uingereza. Mama mmoja kutoka Mukurweini, aliyekuja na bintiye, aliweka kiganja juu ya fomu.

"Zamani mlikuwa mnatutafuta hivi?"

"Hapana, mama. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, wanafunzi wa Ulaya walianza kulipa karo ya wageni, iliyo ghali zaidi. Wengi wakaacha kuja."

"Kwa hivyo msichana wangu atakalia kiti ya Mjerumani?"

"Ni kama hivyo."

"Na huyo Mjerumani alienda kusomea wapi?"

"Hiyo sijui."

"Ukijua utuambie. Labda huko ndiko kuzuri."

Binti akaweka kalamu chini. Nimeandika mara nyingi kuhusu talaka hiyo ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, na swali hilo sijawahi kuliuliza.