Mnaweza, Lakini Hapana

Yule mkalimani ndiye aliyenifundisha Kiingereza, na mpaka leo nikimkumbuka nasonya. Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nilikuwa nauza shuka katika duka la mzee mmoja Mwislamu pale Karatu. Jioni tukishafunga, mzee alituachia ua wa nyuma, tukakaa juu ya magunia kumsikiliza bwana mkubwa mwenye tai. Tai, Karatu, kwenye vumbi lile! Wala ualimu hakuusomea. Alikuwa akiwatafsiria wazungu wa serikali waliokuwa wamebaki, na kwa akili yake hilo lilimfanya naye awe nusu mzungu.

Somo lake lilikuwa moja tu. "May ni ruhusa, must ni amri. Mkishika hayo mawili, Kiingereza mmekimaliza." Nikamwuliza, mwalimu, na yale yanayofuata, in the hivi, out of the vile? Akanitazama kama niliyemwomba anifulie soksi. "Hivyo ni vijineno," akasema. "Mzungu anavitia vikolee, kama chumvi kwenye makande. Mkalimani hodari anavipita." Wenzangu wakacheka. Chumvi kwenye makande! Kana kwamba mtu huyu alikuwa amewahi kula makande yasiyo na chumvi akashukuru.

Sasa, dada yangu, niliyezaliwa naye Ganako kwenye mahindi na maharage, alikuwa ameolewa na Mmasai kule Ngorongoro. Shemeji alikuwa mtu mwema, asiye na makuu, ila mama yake, Mungu anisamehe, alikuwa pilipili. Dada aliishi kwake, juu ukingoni mwa kreta, kwenye nyumba moja, moshi mmoja, na kila akikohoa mtoto wake mchanga, lawama ni za yule mwali aliyetoka kwa walima mahindi. Dada alitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba yake mwenyewe. Kwa Wamasai nyumba anaijenga mwanamke, kwa hiyo mikono haikuwa shida. Shida ilikuwa mahali. Ng'ombe wa shemeji walikuwa chini kwenye kreta, na watu walikuwa hawajui kama serikali itaruhusu boma jipya huko.

Ukaitishwa mkutano. Mzungu wa serikali akasema maneno yake, na mwalimu wangu, tai shingoni, akayafupisha: "Mnaweza kujenga ndani." Basi! Kule Ngorongoro ukisema "juu" ni ukingoni, ukisema "ndani" ni ndani ya kreta, hata mtoto anajua. Watu wakapiga vigelegele. Dada akateremka na mtoto mgongoni, akakata fito, akazikunja, akakandika kuta na paa kwa samadi. Nilipomletea unga nilimkuta mikono imekauka mpaka kwenye viwiko, anacheka peke yake. "Ingia," akaniambia, "ingia kwangu." Alilitamka hilo neno "kwangu" kwa raha mpaka nikaona haya kumtazama.

Nilikuwa bado hapo siku ile Landrova ilipokuja. Mzungu akashuka, akaiangalia nyumba, uso ukamwiva. Nikamsikia kwa masikio yangu. "I told you. You may build within the Area, but not in the crater." Yaani popote katika hifadhi, ila si humu shimoni. Sentensi nzima, imenyooka, hata sisi wa kwenye magunia tungeielewa.

Mkalimani akakohoa, akarekebisha tai. "Bwana anasema mnaweza, lakini hapana."

"Ebo!" Dada akaweka mikono kiunoni. "Naweza, lakini hapana? Naweza wapi, hapana wapi?"

"Mama, usibishane na serikali. Ruhusa ipo. Amri ipo."

"Zipo wapi?"

Akageukia Landrova, mjinga yule. Ilibidi mimi mwenyewe nimwambie dada, kwa lugha ya nyumbani, kwamba juu anaweza, huku chini hapana, na kwamba ndivyo mzungu alivyosema tangu ile siku ya mkutano. Dada hakulia. Aliketi chini taratibu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akamnyonyesha mtoto. Kisha akainuka, akaanza kuibomoa nyumba yake kwa mikono ileile, kwa sababu fito angalau zingepanda naye mpaka kwa mama mkwe. Moyo uliniuma, acha tu. Nikamsaidia kung'oa.

Mzungu akaenda kuangalia maboma mengine, akamwacha mkalimani asimamie kazi. Asimamie! Alisimama kwenye nyasi kavu, viatu visichafuke, akinieleza kwamba tafsiri yake haikuwa na kosa, maana may ni mnaweza, popote duniani. Nikaendelea kung'oa. Mtu wa namna hiyo ukimjibu unampa heshima.

Mvua ikashuka ghafla kutoka ukingoni, ya baridi, ya matone makubwa. Sisi tulijifunika shuka. Yeye alikuwa na suti yake tu, na tai, ambayo ilianza kuchuja rangi kwenye shati. Akasogea karibu na dada, mabega yameinuka, sauti imekuwa ya upole kweli.

"Mama, naweza kuingia ndani?"

Dada alikuwa ameshika ufito wa mwisho. Akamtazama.

"Unaweza," akasema.

Mkalimani akageuka kushoto, akageuka kulia, maji yakimtiririka puani.

"Ndani wapi?" akauliza.