Kitabu Nilichomchagulia Baba

Baba alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi, lakini mimi tarumbeta nilijifunza kwenye kitabu. Watu wakisikia hivyo hucheka, wakidhani nafanya mzaha. Tuliishi kambini Jinja, nyumba ya vyumba viwili, na kila asubuhi nilimsikia akipasha midomo kwa zile sauti ndefu za chini kabla hajapiga wimbo wowote. Kazi yake niliijua yote kwa masikio. Chombo chenyewe hakuniruhusu hata kukishika.

Nilikuwa bado shule ya msingi nilipomwomba anifundishe. Alikuwa ameketi mlangoni akisugua shaba kwa kitambaa.

"Hii kitu si ya wasichana," alisema bila kuinua macho. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi kama amri. "Midomo yako itaharibika. Nani ataoa wewe?"

Mama alikuwa akichagua mchele pembeni. "Si umfundishe tu, afande," alisema. Alipenda kumwita hivyo kwa utani.

Baba aliweka kitambaa chini. Alimwita kaka yangu, ambaye hakuwa ameomba chochote, akampa tarumbeta mkononi. Kaka alijaza mashavu hewa, akatoa mlio kama wa mbuzi, kisha akakimbilia uwanjani kucheza mpira. Baba alimfuata mpaka uwanjani, akambembeleza arudi. Sikuwa nimewahi kumwona akimbembeleza mtu. Mchezo huo uliendelea Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka kaka akaenda sekondari ya bweni, na tarumbeta ikarudi kwenye sanduku lake. Mimi nilikuwepo siku zote hizo, nikifua soksi za bendi.

Baba alipostaafu, yeye na mama walihamia Mbale, nyumbani kwa kina mama. Mama alifariki huko. Kaka alipata kazi nzuri ofisini Kampala, akaoa. Mimi nilibaki upande wa Jinja, nikapanga chumba Bugembe kando ya barabara kuu, nikawa nashona sare za shule. Niliolewa, nikaachika, bila tarumbeta kuhusika hata kidogo. Nilipofika umri ambao hakuna tena aliyejali midomo yangu ikoje, kanisa moja la Masese lilivunja bendi yake, likawa linauza vyombo. Nikanunua tarumbeta iliyobonyea ubavuni. Kilichobaki kilikuwa mwalimu.

Nilimpigia baba simu. Sikumwomba anifundishe, nilimweleza tu kwamba nimepata tarumbeta.

"Ya nini?" aliuliza.

"Ya kupiga, baba."

Alicheka, akauliza kama mvua imenyesha Jinja.

Basi nikaenda kutafuta kitabu. Jinja mjini kuna watu wanaopanga vitabu vya mitumba kando ya njia, na kuna duka moja lenye rafu ya muziki nyuma ya vitabu vya dini. Kitabu cha kwanza kilikuwa kinene, kizuri, na kila zoezi lilinitaka nisikilize sidii iliyokuwa ndani ya jalada la nyuma. Nikaangalia jalada la nyuma, bahasha ilikuwa tupu. Cha pili kilikuwa cha watoto, kimejaa vibonzo vya dubu wanaopuliza pembe, na maandishi yake yalinisifu hata kabla sijafanya lolote. Cha tatu nilikipenda sana kwa macho. Noti zake zilikuwa kubwa, karatasi nene, na kilikaa wazi chenyewe bila kushikiliwa, jambo ambalo mtu mwenye mikono miwili tu anapaswa kulitazama kabla ya mengine yote. Lakini nilipokisoma niliona karibu kila ukurasa unasema: mwalimu wako atakuonyesha. Midomo ikaeje? Mwalimu wako atakuonyesha. Pumzi itoke wapi? Mwulize mwalimu wako. Nilisimama pale dukani nikasoma maneno hayo mpaka nikasikia uso umepata moto. Nikakirudisha.

Nilichonunua kilikuwa cha nne, kimechakaa, picha zake hazina rangi. Aliyekiandika alionekana kumfahamu mtu asiye na wa kumwuliza. Alieleza midomo kwa sentensi: ibane kama unayetaka kutema uzi uliokwama ulimini. Mshonaji anaielewa hiyo upesi.

Nilikuwa nikifanya mazoezi mchana, malori ya Kenya yanapopita kwa wingi, ili mngurumo wao unifunike. Mdomo mpana wa tarumbeta niliuziba kwa mabaki ya vitambaa vya sare. Hata hivyo mwenye nyumba alikuja kugonga akauliza kama nafuga bata. Niliendelea. Ilinichukua muda mrefu kutoa sauti moja safi, na muda mrefu zaidi kuipata tena kesho yake. Mwishowe nilikuwa na nyimbo kadhaa za kanisa na wimbo mmoja wa gwaride aliokuwa akiupenda baba, niliouokota kwa masikio.

Nikaenda nao Mbale.

Alikuwa ameketi uani, kaukabili mlima. Nilipiga nikiwa nimesimama, kama alivyokuwa akisimama yeye. Nilipomaliza akaniuliza:

"Nani amefundisha wewe?"

"Kitabu."

"Inasikika," alisema. "Iko vidole. Muziki hakuna."

"Basi nionyeshe palipokosewa, baba. Uko hapa, mimi niko hapa."

"Uliza kitabu."

Nilirudisha tarumbeta kwenye mfuko wake. Nilimpikia chakula cha mchana, kwa sababu ndiyo kazi niliyoruhusiwa kuifanya vizuri katika nyumba ile, na jioni nikapanda gari kurudi Bugembe.

Haukupita mwaka, kiharusi kikampiga. Mkono wake wa kulia ulilegea na mdomo ukaenda upande. Kaka alisema kazi haimruhusu kuondoka Kampala. Nikafungasha cherehani nikahamia Mbale. Daktari wa mazoezi ya viungo alisema vidole vipewe shughuli, visilale. Alimpa mpira wa kuminya. Baba aliurusha chini ya kitanda.

"Mimi si mtoto," alisema, maneno yakitoka kwa shida.

Nilikumbuka kuona mahali fulani vitabu vya kukunja karatasi, ile sanaa ya Wajapani. Karibu na mnara wa saa wa mjini palikuwa na duka la vitabu, nikaenda kuulizia. Vilikuwepo vitatu, na safari hii nilijua namna ya kuchagua. Sikuangalia picha za jalada. Niliomba karatasi, nikauficha mkono wa kulia mgongoni, nikajaribu kukunja kila umbo la mwanzo kwa mkono wa kushoto, kiwiko kikishikilia karatasi mezani. Mwuza duka alidhani nimerukwa na akili. Kitabu cha kwanza kiliruka hatua: karatasi ilikuwa mraba, ukifungua upande wa pili tayari ni ndege. Cha pili kilikuwa na mishale midogo ambayo mzee asingeiona. Cha tatu kilikwenda polepole, mkunjo mmoja kila mchoro, mistari ya nukta mikubwa, na kilianza na vitu vyenye mikunjo michache, kofia, kikombe, mashua. Nikakichukua hicho.

Kwa siku nyingi hakukigusa. Niliketi karibu naye nikakunja mwenyewe, nikisoma maelezo kwa sauti na kuyageuza Kiswahili. Asubuhi moja nilikosea kwenye kikombe.

"Si hivyo," alisema. "Mshale inaenda nyuma." Akanyoosha mkono mzima, akavuta karatasi. Kisha akauleta ule mgonjwa, akaulaza juu yake kama kipande cha mbao.

Baada ya hapo tulikunja kila asubuhi. Sitasema kwamba tulipatana. Alinikaripia nilivyosoma na nilivyokata karatasi. Lakini vidole vilianza kusogea, kwanza gumba, halafu viwili vinavyolifuata. Akawa anapanga kazi zake dirishani, na wageni wakija aliwaonyesha.

Siku moja alikuja mwenzake wa zamani wa jeshini. Nilikuwa nikiweka chai mezani aliposhika chura wa karatasi na kuuliza, "Afande, umejifunza wapi mambo haya?"

"Kijana yangu ameleta kitabu," baba alisema. "Ule wa Kampala. Ameona baba yake anakaa bure."

Nilidhani ni ugonjwa. Mgeni alipoondoka nilimwuliza, "Baba, kitabu kile nani aliyekileta?"

Alinitazama vizuri, macho makavu, akili yote ikiwa pale. "Wewe," alisema. "Lakini mtu akiuliza, nitasema mtoto mwanaume hajanifanyia kitu?"

Akaendelea kukunja. Nikaondoa vikombe.

Aliwaambia wote waliokuja, na nadhani alimwambia hata kaka kwenye simu, maana kaka alipokuja siku ya Krismasi alikishika kile kitabu kwa namna ya mtu anayekifahamu. Hakuniuliza lolote. Nami sikusema, nikingoja aseme yeye.

Baba alifariki kiharusi kiliporudi. Kwenye mazishi kaka alisimama mbele ya watu, akazungumza vizuri, ana kipaji hicho. Alieleza jinsi alivyohangaika kumtafutia baba kitabu cha kukunja karatasi, jinsi kitabu kile kilivyorudisha uhai vidoleni mwa askari mzee. Wanawake walilia. Shangazi mmoja aliyeketi karibu nami alinifinya mkono akasema, "Umebahatika kuwa na kaka." Kijana wa bendi aliyekodiwa akapiga tarumbeta ya kuagia. Hakuna aliyenifikiria. Alipiga vibaya, midomo yake imelegea, na mimi nilijua hasa palipokosewa.

Nilirudi Bugembe na cherehani yangu. Miezi ilipita, kisha mke wa kaka akanipigia simu. Binti yao anataka kujifunza kinanda, akasema, na vitabu ni vingi mno madukani, hawajui wachukue kipi.

"Wifi, wewe unapiga muziki," alisema. "Hebu tusaidie kuchagua."

Majibu nilikuwa nayo yote. Ningeweza kumwambia akiangalie kama kinakaa wazi chenyewe, kama kinamtegemea mwalimu, kama bahasha ya nyuma ina kitu ndani.

"Mwulize mumeo," nilimwambia. "Huyo ndiye mwenye kujua kuchagua vitabu."

Alicheka kidogo, akiona nimemsifu mumewe, akanishukuru, akaniaga. Nikasikia baadaye kwamba mtoto alinunuliwa kitabu kimoja kikubwa chenye picha nyingi, akashindwa nacho wiki chache tu, wakasema hana kipaji.