Rula Yangu na Kauri wa Shangazi

Kamati ya ufuo ilinipa kazi ya kuhesabu kauri kwa sababu moja tu: nina digrii. Hakuna aliyeuliza ya nini. Ni ya historia.

Kauri ni wale konokono wa baharini wenye gamba la kung'aa, na kwenye mwamba wetu wa Mnarani walikuwa wameanza kuadimika. Kamati ilitaka kufunga sehemu moja ili wazaane. Nikaenda maji yalipokupwa, suruali nimeikunja, rula ya shule mkononi. Upande wa kusini niliwakuta wakubwa, kaskazini wadogo. Nikaandika: kusini wazee, kaskazini watoto, tufunge kaskazini wapate kukua. Nilijiona nimefanya sayansi.

Kaskazini ndiko anakookota shangazi yangu, mjane wa miaka sabini na ushei. Nyama ya kauri ndiyo kitoweo chake, magamba humuuzia mwenye duka mmoja wa Malindi. Hana pengine pa kwenda. Kusini kuna mkondo, na magoti yake hayauwezi.

Asubuhi ya mkutano nilipita kwake nimweleze kabla hajasikia kwa watu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akatoa kauri mdogo kwenye beseni, akamgeuza.

"Tazama mdomo. Meno yametimia, gamba zito. Huyu ni bibi, baba. Kauri akishaota meno haongezeki tena, anazeekea hapo hapo."

Yule mkubwa niliyemleta kutoka kusini kama ushahidi alikuwa na mdomo mwembamba kama ganda la yai, hana jino hata moja.

"Na huyu mzee wako bado mtoto. Huko chuo kikuu walikufundisha kupima umri kwa urefu?"

Niliona haya, lakini nilifurahi pia: basi kaskazini hakuna watoto wa kulinda, hapana haja ya kufunga. Nikamwambia hivyo. Yeye alikuwa akiwageuza kauri wa beseni mmoja mmoja. Wote walikuwa na meno.

"Hakuna mtoto hata mmoja," akasema polepole. "Na mwaka jana pia sikumwona."

Hapo nikapotea kabisa. Kama ni wazee watupu, ndio wazazi wa kuachwa watage, au wamechoka na hawatagi tena? Au wanataga, kisha maji yanavichukua vitoto kwenda kukulia kusini? Kila jibu lilitaka sheria yake.

Mkutanoni nilikiri nimekosea, nikaeleza habari ya meno. Wakaniuliza: sasa tufunge wapi? Nikasema sijui. Watu wakaguna. Huko nyuma shangazi akanyoosha mkono.

"Fungeni kaskazini. Waacheni hao vikongwe wajaribu."

Ikaandikwa. Mpaka leo sijui kama alisema vile kwa kuwa ana hakika, au aliniona nimesimama mbele za watu midomo imenikauka, akaamua kunitoa. Nimemuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alinituma nikamnunulie dagaa. Mara ya pili alisema dagaa wale walikuwa wachungu.