Ndege ya Maboksi na Jiko la Mama Mkwe

Vita ilipoisha, sisi tuliorudi Bungoma tulirudi na blanketi, buti na uongo. Blanketi iliisha kwanza. Uongo wangu mimi ni kwamba nilikuwa fundi wa ndege. Ukweli, nilimenya viazi karibu na uwanja wa ndege miaka mitatu, na nikiinua kichwa naziona zikipaa. Hiyo nayo si kazi ya ndege, ukiiangalia vizuri?

Mzee mmoja wa upande wa Lwakhakha, kule mpakani, niliyetaka binti yake, alikuwa mtu wa kanisa, wale wanaosali macho wazi ili wahesabu wanaosinzia. Akaniambia, "Fundi, siku ya kuleta ng'ombe, leta na ndege. Hata ndogo. Ikiruka, binti ni wako. Isiporuka, rudi na ng'ombe wako. Mimi siozeshi binti kwa mdomo."

Wakati huo nilikuwa kibarua Kitale, nakaa Kibomet. Mzungu wangu alikunywa kuliko trekta lake, lakini huyo tumwache. Maboksi yake ndiyo nayasema. Mabawa nikakata kwa boksi la chupa zake. Mbavu zikawa bua la mahindi, ile nyama nyeupe ya ndani. Panga la mbele nikakata kwa bati la mkebe, likazungushwa na ukanda wa tyubu ya baiskeli: unausokota, unaachia. Gundi ya duka sikuwa nayo, nikapika ya viazi, maana hicho ndicho nilijua. Majirani wakaja kuangalia mtu mzima na ndevu zake akirusha boksi. Mara ya kwanza ilichimba ardhi kuliko jembe. Nikafunga msumari mkiani, ikatulia.

Siku ikafika. Wazee kwenye viti, ng'ombe wamefungwa. Nikasokota mpira mpaka kidole kikauma, nikaachia. Ikaruka bana. Ikapita juu ya ghala, wazee midomo wazi, halafu upepo wa mlimani ukaigeuza, ikaingia mlango wa jikoni.

Sasa, kwetu mkwe haingii jiko la mama mkwe. Hata uso wake humtazami. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mzee aliyajua hayo yote.

"Fundi, kaichukue," akasema taratibu.

Rafiki yake akaongeza, "Hiyo imevuka mpaka. Na huyu hana pasi."

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

Ikatoka sauti ya mama ndani, akisema na mumewe, si na mimi. "Mzee, hii kitu imeanguka kwa sufuria ya kuku."

"Itoe."

"Imeshaachana. Na mchuzi umekuwa mzito." Nikamsikia akionja. "Ni viazi. Laini, hakuna bonge hata moja. Mzee, huyu hakuwa fundi wa ndege. Huyu alikuwa mpishi."

Nikaangalia buti zangu. "Lakini si imeruka," nikasema, sauti ndogo.

Mzee akafungua mdomo anifukuze, mama akamwahi. "Mwache. Wanaume waongo wamejaa hii boma. Wa kupika sijaona mmoja, na nimekaa na wewe miaka."

Nikapewa binti. Tangu hapo, kukiwa na sherehe kwa wakwe, nafika nakuta karai la viazi nje, nyuma ya ukuta wa jiko, na kisu juu yake. Nakaa, namenya.