Risasi Isiyohesabiwa

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na kazi niliyoipata miaka ya tisini haikunisaidia hata kidogo. Nilikuwa muuzaji katika duka la nyuzi na ndoana, si mbali na Ngome ya Yesu, na nyuma ya duka hilo palikuwa na chumba cha mlango wa chuma kilichowekwa bunduki. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku kitambo, kwa hivyo wateja wa chumba kile walikuwa wachache, wenye leseni, wanaolinda mifugo huko bara. Watalii waliochoka kubembelezwa na wauza vinyago waliingia kuomba kivuli, hawajui kilicho nyuma ya ukuta.

Mwaka mmoja mteja akawa kaka yangu. Alikuwa msimamizi wa ranchi upande wa Taita, na huko palikuwa na nyati aliyekuwa akivizia watu penye maji. Msimamizi aliyemtangulia alimpiga risasi vibaya, nyati akamrudia na kumvunja mbavu. Sasa kaka alikuwa amepewa kibali cha kummaliza, na mwajiri wake alimtuma achague bunduki mpya. Tangu siku ile chakula hakikunishuka. Mama, niliyeishi naye mtaa wa Buxton, tulimwambia kwamba kaka amekuja kununua vifaa vya ranchi.

Bunduki zilikuwa mbili, zote za kiwandani, zile za kuvuta komeo kwa mkono baada ya kila risasi, na zote za risasi nene ya kumtosha nyati. Moja ilitoka Ulaya, kitako chake cha mti wa jozi kinang'aa kama kitanda cha bi harusi, bei yake ya kukutia homa. Nyingine ya Marekani, kitako cha plastiki nyeusi, sura kama bomba la maji, bei nusu ya mwenzake.

Tajiri wangu, mzee Muislamu wa asili ya Kihindi, alitupeleka uwanja wa shabaha ng'ambo ya kisiwa. Kwenye karatasi ya shabaha, matundu ya ile ya Ulaya yangefunikwa na kikombe cha kahawa. Ya Marekani yalitaka kisahani. Kaka akawa tayari anaupapasa ule mti, na mimi nikawa nimekodolea macho tundu moja lililokaa peke yake, mbali na wenzake. Nikauliza ni la nini. Wakanieleza bila kujali kwamba hilo ni la risasi ya kwanza. Pwani yetu bunduki hupakwa mafuta tele ili hewa ya chumvi isiile, hivyo risasi ya kwanza huachwa iunguze mafuta, na hesabu huanzia ya pili. Ndivyo walivyofanya miaka yote.

Nikamgeukia kaka.

"Na huyo nyati, yuwajua kuwa ya kwanza haihesabiwi?"

Kaka alicheka, akaniita mwoga kama kawaida yake. Tajiri hakucheka. Alivua miwani, akaifuta.

"Hilo hatukulifikiri, mwanangu," akasema. "Turudi kesho. Kila bunduki itapiga risasi moja tu, na mtutu ufutwe ukauke."

Tulirudi asubuhi kadhaa. Ile ya Ulaya risasi yake ya kwanza ilikwenda inakotaka, leo juu, kesho kushoto. Tajiri aliifungua akaona mti umevimba kwa unyevu wa kisiwani na unaubana mtutu. Ile ya sura ya bomba la maji, kila asubuhi, ilipiga mahali pale pale. Kaka alinung'unika kwamba wenzake ranchini watamcheka, lakini tajiri, ambaye angepata faida zaidi kwenye mti, alikataa katakata kumuuzia ile ya Ulaya.

Siku ya safari nilichana leso yangu kuukuu, nikampa kaka kipande na kumsihi aufute mtutu kabla ya kuingia msituni. Alikitia mfukoni akinitania. Akaondoka, mimi nikabaki na roho mkononi. Simu ya duka ikilia, nilikuwa namwachia tajiri aipokee.

Siku moja alinyoosha mkono akanipa mkonga wa simu, uso wake hausomeki. Nikasikia mwangwi wa simu ya mbali, kisha sauti ya kaka, haina utani.

"Dadangu, nyati yuko chini. Sikuwahi kupiga ya pili. Aliangukia miguuni pangu."

Nilikaa juu ya kreti la ndoana, nikamwomba aniambie tena.